Korido ya Bi Taarifa

Asubuhi hiyo fundi plasta alitoka jikoni na beseni la maji ya uvuguvugu, akapita koridoni kuelekea chumbani kwa mkewe, na pale korido inapokata kona bega lake likagusa ukuta. Kipande cha ukuta kikabanduka, chembamba kama utando wa maziwa yaliyochemka, kikamganda kwenye shati. Alikibeba hadi chumbani bila kujua. Mkewe alikuwa amekaa kitandani akingoja kunawa uso. Kuoga kwa kujimwagia maji kulikuwa mwiko kwake, kwa sababu ya mpira uliokuwa shingoni.

"Umebeba nini begani?" akamuuliza.

Fundi akageuza shingo. "Ukuta," akasema, akaweka beseni chini.

Ukuta ule alikuwa ameupiga plasta kwa mikono yake mwaka waliohamia, na hakuwahi kupata tena kazi safi kama ile. Ulikuwa laini kiasi kwamba watu waliopita koridoni walipenda kuuburuzia viganja, wakubwa kwa wadogo. Nyumba nyingine mtaani zilipasuka nyufa kila mvua zikija. Ule haukuwahi kuacha hata chembe ya vumbi.

Mkewe alikuwa msomaji wa taarifa ya habari redioni. Mtaa mzima ulimwita Bi Taarifa. Mafuriko, bei ya unga, ushindi wa timu ya taifa, vyote alivisoma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Hata siku figo zake zilipogoma kufanya kazi aliiarifu familia kwa sauti hiyo hiyo. Alianza na muhtasari, kisha akaingia kwenye habari kwa ukamilifu.

Hospitalini walimwekea katheta, ambayo nyumbani waliiita mpira. Iliingia kwenye mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kulia, ikateremka ndani mpaka karibu na moyo, na nje zikabaki ncha mbili zenye vifuniko, za kuunganishia na mashine ya kusafisha damu. Daktari wa upasuaji alimwambia kwamba mpira huo ni wa muda tu. Ukikaa sana unasugua ukuta wa mshipa, alisema, na mshipa haupendi kusuguliwa. Wiki chache tu, kisha wangemuunganisha mishipa ya mkono, ambayo ndiyo njia ya kudumu, na mpira ungetolewa. Mtoto wa nyumba ya mbele aliyezaliwa wiki ile mpira ulipowekwa sasa alikuwa anakimbia na kutukana.

Kilichochelewesha ni utepe. Chumba kipya cha upasuaji kilikuwa tayari, taa zimefungwa, kitanda kimetandikwa, na mlangoni umepita utepe mwekundu unaongoja mgeni rasmi aje aukate. Bila kuzinduliwa, chumba hakitumiki. Chumba cha zamani nacho kilikuwa kimejaa maboksi yaliyokuja na vifaa vya chumba kipya. Kwa hiyo daktari wa upasuaji alikuja kazini kila siku, akavaa mavazi yake ya kijani, akakaa kwenye benchi mbele ya utepe na kucheza drafti na mlinzi. Mwanzoni alikuwa akifungwa. Sasa mlinzi ndiye aliyekuwa akitafuta visingizio.

Fundi alirudi konani akaweka sikio ukutani. Ndani kulikuwa na kitu kinachokwaruza, taratibu, kikipumzika, kikikwaruza tena. Akaenda chumbani, akamshika mkewe kifundo cha mkono pale mapigo yanaposikika, mlango akauacha wazi. Mapigo na mkwaruzo vikaenda pamoja.

"Mama, mpira wako unakwaruza korido," akamwambia.

"Sehemu gani?"

"Pale konani, karibu na jikoni."

Bi Taarifa akafikiri kidogo. "Ndiyo, inaelekea," akasema, akaomba mtandio wake, maana gari la redio lilikuwa limeshapiga honi.

Pale ulipobanduka, ukuta ulibaki na kidonda chekundu chenye unyevu, na kila kilichopita kikaanza kuganda. Vumbi kwanza, kisha nyuzi, kitufe cha koti, unyoya. Binti yao alikuwa msusi na alisukia wateja wake uani, nyuma ya jiko. Jumamosi moja alimwita baba yake kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Baba, ukuta wako umekamata rasta."

"Zako?"

"Za mteja."

"Basi mwambie tutazitoa, asiwe na wasiwasi. Zimewekwa wapi?"

"Hazijawekwa. Amezivaa. Amesimama hapo koridoni na kichwa kimelala upande. Leta mkasi."

Mteja alikatwa, akasukwa upya, akarudi mwezi uliofuata kama kawaida, ila alipopita konani alishika kichwa chake kwa mikono miwili.

Vilivyoganda vikakauka, vikawa vigumu, na juu yake vikaganda vingine. Bomba jembamba la plastiki lililopita hapo likibeba waya za umeme hadi jikoni likaanza kuvaa ngozi nyeupe, kama mguu unaovaa soksi. Kadiri soksi ilivyopanda, ndivyo taa ya jikoni ilivyofifia. Siku hizo hizo mashine ya hospitali ikawa inapiga kelele kila baada ya muda mfupi kwamba damu haiji vya kutosha. Muuguzi alimgeuza Bi Taarifa kichwa upande huu na upande ule.

"Kohoa, mama. Kohoa kwa nguvu."

Bi Taarifa alikohoa, damu ikaja. Nyumbani, binti aliyekuwa akichambua mchele aliona taa imewaka vizuri kwa dakika chache, akawahi kutoa mawe yote.

Siku moja ya mapumziko fundi alichukua nyundo na tindo. Maisha yake yote alikuwa ameingia nyumba za watu na kuonyeshwa ukuta ulioharibika, na kila mara alijua pa kuanzia. Akaweka tindo kwenye uvimbe, akagonga. Kikatoka kibanzi kimoja kizuri. Akagonga tena.

"Mume wangu," ilisema sauti ya taarifa ya habari kutoka chumbani, "acha."

Alimkuta ameshika shingo kwa viganja viwili, macho ameyafumba.

"Panauma vipi?"

"Kama mtu anayegonga mlango kutoka ndani."

Fundi aliketi chini, mgongo kwenye kitanda, na tindo bado mkononi. Hakusema pole. Alikuwa na hasira na mikono yake, na Bi Taarifa, aliyemjua, alinyoosha mguu akamgusa bega kwa kidole gumba mpaka alipoiweka tindo sakafuni. Asubuhi iliyofuata pale alipogonga palikuwa pamenenepa kuliko kwingine kote. Alijaribu kupapiga plasta mpya, laini. Ilishika mpaka mchana, kisha ikashuka yote kwa pamoja kama shuka linaloanguka kwenye kamba.

Fundi alimweleza muuguzi, naye muuguzi akamweleza profesa wa mishipa, na profesa akaja mwenyewe. Alivua viatu mlangoni, akaamkiana na kila mtu vizuri, akaenda moja kwa moja konani na kuupapasa ukuta akiwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Huko kwetu tuna michoro tu."

"Ndiyo nini?" akauliza fundi.

"Unaona, mzee wangu, mshipa ndani una ngozi laini sana. Kazi ya ile ngozi ni kuifanya damu ipite bila kuganda. Sasa moyo ukidunda, mpira unaruka, unagusa pale pale. Ngozi inatoka. Damu ikikuta sehemu isiyo na ngozi inaganda. Halafu ukuta wenyewe unaanza kujitetea, unanenepa. Usiulaumu. Unadhani umevamiwa, na kwa kweli umevamiwa."

"Na mpira ukitolewa?"

"Ukitolewa mapema, ukuta mara nyingi hutulia. Ukikaa, panabaki kovu, na kovu huvuta njia mpaka ifunge."

"Basi utoeni."

"Kabisa," alisema profesa, bila kutoa mkono wake ukutani. "Lazima utolewe. Hilo halina mjadala. Ningeomba tu kwanza niwalete wanafunzi."

Wanafunzi walikuja wakiwa na adabu sana. Walipanga viatu vyao barazani kwa mistari, wakampa Bi Taarifa shikamoo mmoja baada ya mwingine, kisha wakaingia koridoni kwa zamu. Profesa alibandika karatasi ukutani: TAFADHALI USIGUSE UKUTA. Familia nayo iliitii, isipokuwa pale ambapo kupita bila kugusa hakukuwezekana tena. Siku za kusafishwa damu Bi Taarifa alirudi akiwa amechoka mpaka midomo, akitaka kitanda tu, na kama somo lilikuwa halijaisha alikaa sebuleni na mkoba magotini akingoja. Wageni wa vyuo vingine walipoanza kuja, binti aliwawekea viti.

Mwanafunzi mmoja aliuliza mgonjwa mwenye korido hiyo yuko wapi.

"Swali zuri sana," alisema profesa. "Wagonjwa mtasoma mwakani."

Bi Taarifa alisikia hayo kutoka sebuleni. Jioni alimwambia mumewe kwamba amefundishwa sana. Sasa anajua kila kitu kuhusu mshipa wake, alisema, na kila mtu anajua, na kama kujua kungekuwa mkasi angekuwa ameshapona. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini baadaye fundi alimkuta mbele ya kioo akijaribu kufunga kifungo cha juu cha blauzi. Kola ilikuwa haifiki. Shingo ilikuwa imevimba, na uso pia, hasa asubuhi, na miwani ilimwachia mistari miwili kwenye mashavu.

Kesho yake fundi alikwenda kwa jirani wa mkono wa kushoto, mama mshonaji, aliyeishi peke yake na cherehani. Nyumba zao ziliegemeana ukuta kwa ukuta.

"Dada, niazime mkasi."

"Wa kitambaa au wa nyuzi?"

"Wa utepe."

Mshonaji akampa ule mkubwa, akamwambia autunze makali.

Hospitalini, daktari wa upasuaji alikuwa kwenye benchi na kete zake. Fundi alisalimia, akapita kati ya daktari na mlinzi, akakata utepe katikati. Ncha zote mbili zikaanguka bila kelele. Akasukuma mlango. Kilikuwa chumba kizuri. Taa zilikuwa bado zimefunikwa nailoni.

"Haya," alisema fundi. "Kimefunguliwa. Mke wangu yuko huko kwenye mashine, naweza kumleta sasa hivi."

Daktari alisimama. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama ndani ya chumba kwa muda, na vidole vyake vikajikunja kama vimeshika kitu.

"Mzee, huyo mama mkono wake nimeshaupasua kichwani mwangu mara nyingi sana," alisema. "Mishipa mizuri. Naijua inapopita. Naota naishona."

"Basi twende."

"Tatizo si utepe kukatwa. Tatizo ni aliyeukata. Nikiingia hapa leo, kila nitakayemtibu atakuwa ametibiwa kwenye chumba ambacho hakijafunguliwa. Atakuwa hajatibiwa. Unanielewa?"

"Hapana."

"Hata mimi," alisema daktari. Akapiga goti, akaunganisha utepe kwa fundo dogo sana, la kidaktari, ambalo ukilitazama kwa mbali hulioni. Mlinzi alimpa fundi chai, akamwomba acheze drafti mchezo mmoja badala yake. Fundi akafungwa.

Mgeni rasmi alipatikana hatimaye. Alikuwa mtu mkubwa kwa cheo na kwa umbo, na alikuwa amechoka na vyumba vya upasuaji. Alisema amefungua vingi mno, vyote vina taa zile zile. Lakini habari za korido zilikuwa zimemfikia, na korido ya namna hiyo hakuwahi kufungua hata moja. Kwa kuwa hapakuwa na muda wa kutafuta utepe mwingine, walifungua ule wa mlango wa chumba cha upasuaji, wakauleta mtaani na kuufunga mwanzoni mwa korido, fundo likiwa limeelekea ndani. Mgeni rasmi aliukata. Watu wakapiga makofi. Aliingia hatua kadhaa, akafika konani, akajaribu ubavu wa kulia, akajaribu wa kushoto, kisha akasema kwamba kutokea pale anaona vya kutosha. Alipongeza uzalendo wa familia. Alimpongeza fundi kwa ukuta.

Bi Taarifa hakuwepo, alikuwa zamu redioni. Fundi na binti walisikiliza redio jikoni, wakiwa wamejipenyeza konani kwa ubavu.

"Mgeni rasmi leo amezindua korido ya mafunzo ya mishipa," ilisema sauti, "katika nyumba ya mkazi mmoja anayesafishwa damu. Akizungumza katika hafla hiyo, amewataka wananchi kuiga mfano wa mkazi huyo. Wakati huohuo, chumba kipya cha upasuaji, ambacho utepe wake ulitumika katika hafla hiyo, kitafunguliwa utepe mwingine utakapopatikana. Na sasa, hali ya hewa."

"Kasoma vizuri," alisema binti.

"Kasoma vizuri sana," alisema fundi. Katika wasikilizaji wote, yeye peke yake ndiye aliyeisikia ile pumzi kabla ya hali ya hewa. Alizima redio, akapangusa meza ambayo haikuwa chafu.

Muda si mrefu korido ikafunga. Haikuanguka wala kupiga kelele. Siku moja binti alipitisha sahani kwa mkono mmoja tu, siku iliyofuata hata mkono haukupita, na basi. Ukuta na ukuta vilikutana konani vikawa kitu kimoja, kigumu, cheupe. Asubuhi hiyo Bi Taarifa aliamka uso ukiwa umejaa mpaka macho yamebaki mistari, na kifuani ilikuwa imechomoza mishipa midogo ya buluu ambayo haikuwepo, ikipinda huku na kule, kila mmoja ukitafuta njia yake ya pembeni ya kwenda moyoni. Fundi aliifuata kwa macho. Kisha akatoka koridoni, na kwenye ukuta wa kushoto, ule wanaochangia na mshonaji, akakuta nyufa nyembamba zimejichora vile vile.

Alichukua nyundo kwa hofu, akagonga kidogo kwenye ufa mmoja.

"Panauma?" akapaza sauti.

"Hapana," ilijibu sauti kutoka chumbani. "Hapo endelea. Hapo napata nafuu."

Akaendelea mpaka akatokea upande wa pili, ambako mshonaji alikuwa ameshaviringisha zulia na kusogeza kikapu cha vitambaa ili visipate vumbi. Kuanzia siku hiyo familia ilikwenda jikoni kwa kupitia nyumba ya jirani. Walipita koridoni kwake, wakatoka kwa mlango wake wa nyuma, wakazunguka uani. Walibisha hodi siku za mwanzo, baadaye walikohoa tu. Mshonaji alizoea kuona sufuria za watu zikipita mbele ya cherehani yake, na mara nyingine alionja.

Mashine hospitalini haikupata tena damu hata kwa kukohoa. Madaktari walikutana, na profesa akaelezea vizuri sana kwa nini. Walikubaliana wote kwamba mshipa wa kulia umekwisha kwa sababu mpira ulikaa mno, na kwamba jambo hilo lisirudiwe. Kwa kuwa chumba cha upasuaji kilikuwa bado kinangoja utepe, wakatoa mpira upande wa kulia na kuweka mwingine upande wa kushoto. Daktari wa upasuaji ndiye aliyemweleza Bi Taarifa. Alisema ni wa muda.

"Wiki chache?" akauliza Bi Taarifa.

"Wiki chache."

"Asante kwa taarifa," alisema Bi Taarifa, na daktari akatazama viatu vyake.

Profesa alikuja mtaani siku ya pili. Hakugusa hata ile korido ya zamani. Aliomba ruhusa ya mshonaji, akaingia kwake, akapitisha kiganja ukutani kuanzia mlangoni mpaka nyuma. Mara hii, alisema, wanafunzi watapata bahati ambayo hakuna darasa lililowahi kuipata, maana watauona ukuta tangu ungali mzima.

Alipoondoka, Bi Taarifa alisogea taratibu mpaka kwa jirani yake, bandeji mpya ikiwa shingoni. Uso ulikuwa umeanza kupungua. Alimkuta mshonaji ametoa kabati koridoni, ametoa kapu la nguo chafu, ameng'oa hata misumari aliyotundikia picha, na sasa anaisukuma cherehani kuelekea barazani. Walisaidiana kuisukuma, mmoja huku na mmoja huku, mpaka ikatoka.

"Jirani," alisema Bi Taarifa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka mwishoni mwa neno. "Naomba unisamehe."

"Nikusamehe nini?" Mshonaji alijifuta jasho kwa kiwiko, akatazama ndani, ambako korido ilikuwa tupu na nyeupe. "Yangu ni pana kuliko yenu. Itachukua muda."